Pipa la Wageni

Asubuhi ya nyumba ile ilianzia chini. Kabla mtu hajateleka maji ya chai, Mama Mapipa alikuwa ameshashuka ngazi kumi na mbili hadi ghala la chini. Alibandika sikio kwenye pipa la kwanza, akasikiliza. Kisha la pili. Kisha la tatu. Alipita kama mama anayekagua vitanda vya watoto waliolala.

Msimu wa zabibu mapipa yale yalisema. Juisi ndani yake ilikuwa inageuka divai. Mapovu yalipanda na kupasuka, polepole, mchana kutwa. Ghala lilinukia utamu na mbao zilizolowa, na ukikaa humo ulisahau ulichofuata. Siku hizo mlango uliachwa wazi, maana hewa inayotoka kwenye mapovu hutanda sakafuni na inaweza kumkata mtu pumzi.

Naijua nyumba ile vizuri. Mimi ni mwalimu wa darasa la watu wazima, na Mama Mapipa alikuwa mwanafunzi wangu. Alikuja akiwa na miaka sitini na miwili, akakaa mbele kabisa, akaniambia nisimharakishe. Sikuthubutu.

Nyumbani walikuwa watu wanne na mpangaji mmoja. Mama Mapipa alikuwa mjane, mwenye mapipa na mwenye neno la mwisho. Mwanawe, Fundi, alitengeneza mapipa na kuziba yaliyovuja. Binti yake aliuza divai dukani, mbele ya nyumba. Wa nne alikuwa mke wa Fundi, na wote walimwita Mkwe. Yeye naye alimwita yule binti wifi, kama ilivyo ada, basi nasi tumwite Wifi. Mpangaji aliishi juu kabisa, karibu na paa. Huyo msubiri, zamu yake inakuja.

Mkwe alipoolewa, Mama Mapipa alimpa pipa lake mwenyewe. Si kila mama mkwe hufanya hivyo.

"Mimi nilipoletwa hapa sikupewa hata kikombe," alisema. "Nilikaa miaka sita kabla sijaruhusiwa kushuka hizi ngazi. Mkwe wangu hatapita njia hiyo."

Pipa lile liliwekwa mahali pazuri kuliko pote, chini ya kidirisha, penye mwanga, ili kila anayeshuka alione. Mkwe alilijaza kila mavuno kwa mkono wake. Na Mama akaweka desturi mpya: kila mgeni wa nyumba aonjeshwe kikombe kutoka pipa lile, ili amsifu bibi arusi. Likaitwa Pipa la Wageni. Nami nilionjeshwa. Nilikunywa vikombe viwili, nikasifu sana, nikaenda zangu.

Mwaka wa kwanza pipa lile liligeuka siki. Wakasema ni bahati mbaya. Mwaka wa pili likawa siki tena. Hapo walinyamaza, na kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi. Mwaka wa tatu, divai mpya ikiwa bado inabubujika kwenye mapipa mengine, Fundi alikinga kikombe kwenye bomba la Pipa la Wageni, lililobaki na divai ya mavuno yaliyopita. Alinusa, akafumba macho.

"Vipi?" Mama aliuliza.

"Mama..."

"Sema, wewe."

"Inafaa kwa saladi."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Aliangua kicheko. "Mama Siki kajifungua tena! Mtoto wa tatu huyo!"

Mkwe hakucheka. Mama naye hakucheka. Aliketi juu ya ngazi ya mwisho, akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Mkwe wangu, nakupenda kama niliyekuzaa. Sisemi kwa ubaya. Zabibu ni zile zile. Mbao ni zile zile. Pipa langu liko hatua nne tu kutoka lako, na divai yake ni nzuri. Kilicho tofauti ni mkono. Kuna mikono ambayo divai haiitaki. Si dhambi. Lakini siku ya kuonja divai mpya ikipita, ufunguo wa ghala nitampa wifi yako. Wewe utakaa dukani."

"Ndiyo, Mama," alisema Mkwe.

Siku ya kuonja ilikuwa baada ya miezi mitatu.

Mkwe alilipenda ghala lile kuliko chumba chochote cha nyumba. Alipenda baridi yake na sauti yake. Kulikosa kungemuuma. Lakini kuna jambo lilimuuma zaidi. Alikuwa ameanza kuamini. Alinawa mikono hadi ngozi ikapasuka. Aliacha kumwagilia maua ya dirishani. Hata unga wa mkate alimwomba mumewe aukande. Fundi alizoea kupiga nyundo, na mkate wake ulionekana hivyo. Wote waliutafuna kimya kimya, kwa subira kubwa.

Sasa mpangaji.

Mpangaji wa juu aliitwa Bibi Jua. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kofia pana na vidole vyenye chaki. Alifanya kazi katika kituo cha utafiti kule mwisho wa barabara. Kila siku saa sita mchana, mawingu yasipokuwepo, alipanda juu ya paa na darubini ndogo.

"Analipwa kuchora jua," Wifi alizoea kusema. "Jua lenyewe halijaomba picha."

Siku moja Mkwe alipanda paani kuanika nguo. Alimkuta Bibi Jua amepiga magoti karibu na darubini. Darubini ilielekea juani, lakini Bibi Jua hakuchungulia ndani yake. Aliutazama ubao wenye karatasi nyeupe, uliosimamishwa nyuma ya darubini. Juu ya karatasi palikuwa na duara la mwanga, kubwa kama sahani, likitetemeka kidogo. Ndani ya duara mlikuwa na madoa manne meusi.

"Hiyo ni nini, Bibi?"

"Jua."

Mkwe aliweka beseni chini. "Jua lenyewe?"

"Picha yake. Jua lenyewe usilitazame kamwe, si kwa jicho tupu, wala kwa darubini. Litakupofusha. Ila likianguka kwenye karatasi, litazame hata kutwa. Njoo."

Mkwe aliinama. Duara lilikuwa linasogea, taratibu mno, kuelekea ukingo wa karatasi.

"Linaondoka," alinong'ona.

"Halijaondoka. Ni sisi tunaozunguka. Mimi na wewe na paa na nguo zako."

Mkwe alishika kamba ya nguo. Kwa muda mfupi alihisi kweli kwamba paa linasafiri, mashuka yakipepea, na mtaa mzima nyuma yake. Ilikuwa hisia tamu, wala hakuogopa. Miezi mingi ilikuwa imepita bila yeye kuhisi kitu kitamu.

"Nishikie ubao kidogo, mwanangu, nichore."

Mkwe alirudisha mikono nyuma. "Siwezi, Bibi. Mkono wangu unaharibu vitu."

Bibi Jua aliweka penseli chini. Hakucheka wala hakumpa pole. Alisema tu, "Nieleze." Mkwe akamweleza yote, kuanzia pipa la kwanza hadi mkate wa Fundi.

"Huo mkate nimeuonja," alisema Bibi Jua. "Sasa nami nikwambie aibu yangu. Nilipoanza kazi hii niligundua doa kwenye jua ambalo halifutiki. Madoa mengine huja na kwenda, hilo lilibaki. Nilikuwa kijana, nikajiona mkubwa. Nililichora miezi minne. Niliandika barua kwa wakubwa wangu. Nilishona na gauni la kwendea kupongezwa."

"Wakakupongeza?"

"Siku moja nililegeza kioo cha darubini, nikakizungusha. Doa likazunguka pamoja nacho! Lingekuwa la jua, lingebaki palepale. Miezi minne nilikuwa nachora uchafu wa kioo changu mwenyewe."

Mkwe alicheka, mkono mdomoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi.

"Sasa nikuulize. Pale ghalani kuna mtu amewahi kukizungusha kioo? Yaani, Mama amewahi kulijaza pipa lako, nawe ukajaza la kwake?"

"Hapana. Kila mtu na lake."

"Basi hawajui kama doa ni la mkono wako, au ni la mahali ulipowekwa."

Mkwe alitazama mikono yake kama mtu anayesoma barua. Kisha akaushika ubao.

Kesho yake saa sita mchana Bibi Jua alishuka ghalani pamoja naye. Mwanga uliingia kwenye kidirisha, ukavuka vumbi lote la hewani, ukatua juu ya tumbo la Pipa la Wageni. Ulikuwa mraba mzuri wa rangi ya asali.

"Liguse," alisema Bibi Jua.

Mbao zilikuwa na joto kama kitanda alichotoka mtu.

"Jua halipiti njia moja mwaka mzima," Bibi Jua alieleza. "Miezi mingine linapita juu sana, na mwanga huu unaishia sakafuni. Miezi mingine linainama, mwanga unaingia ndani zaidi, unapanda juu ya pipa." Alichukua chaki, akazungushia mraba ule mstari. Kisha akaligonga pipa kwa kidole. Chini liliitika kwa sauti nzito. Juu lililia tupu. "Nani kanywa?"

"Wageni."

"Na pengo lao mnalijaza?"

"La, Bibi. Mapipa mengine Mama huyajaza kila wiki hadi kwenye kizibo. Hili hapana. Mama anasema kikombe cha mgeni hakirudishiwi. Ukirudishia ni kama unamdai."

Bibi Jua alishika kiuno. "Heshima kubwa," alisema. "Hebu kinga kikombe kimoja twende nacho kituoni."

Mkwe hakuwahi kuingia kituoni. Alidhani ni mahali pa watu wanaonong'ona. Badala yake alikuta ukumbi mrefu, milango wazi, na kila chumba na mambo yake. Katika chumba cha kwanza mtu alikuwa anapima uzito wa nyuki. Katika cha pili mwanamke alikuwa ameinamia bakuli za udongo, mia moja hivi, kila moja na mche wake. Katika cha tatu wazee wawili walibishana juu ya jiwe jeusi lililoanguka kutoka angani. Lilikuwa dogo kama kitunguu, wamelilaza juu ya pamba.

"Wote hawa kazi moja?" Mkwe aliuliza.

"Kazi mbalimbali. Njia moja," alijibu Bibi Jua. "Wanauliza, wanapima, wanaandika, wanarudia. Na wanagombana sana kwenye chai."

Chumba cha mwisho kilikuwa cha Mkemia wa divai. Alikuwa mtu mnene, mwenye mafua yasiyoisha. Mtafiti wa divai asiyeweza kunusa! Mkwe alijizuia asicheke. Mkemia aliweka tone moja la kikombe kile chini ya hadubini, akamwonyesha pa kuweka jicho.

Mwanzoni Mkwe aliona kope zake tu. Kisha tone likafunguka. Aliona mwanga mweupe mpana, na ndani yake viumbe vidogo vikielea, vingine vya mviringo, vingine vifupi kama vijiti, vimeshikana mikia. Hakuna sauti. Aliona kama amechungulia mji mwingine, wenye watu wake na shughuli zao, ambao siku zote ulikuwa ndani ya kikombe.

"Hao wa mviringo ni hamira," alisema Mkemia, akipenga kamasi. "Wanakula sukari ya zabibu, wanatoa kileo na mapovu. Hao ndio wanaokutengenezea divai. Hao vijiti ni vijidudu vya siki. Wao wanakula kileo, wanatoa ukali. Wanapenda mambo mawili, hewa na joto. Pipa likijaa hadi kwenye kizibo, hewa wataipata wapi? Wanalala. Pipa likibaki nusu, na linafunguliwa kila mgeni akija, umewajengea ukumbi wa harusi. Jua likilipiga, umewapelekea na jiko."

Mkwe hakuondoa jicho. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Wametoka mkononi mwangu?"

"Wako kila mahali, dada yangu. Wako kwenye ganda la zabibu, kwenye mbao, kwenye mkono wako na wangu. Hata kwenye mkono wa mama mkwe wako, ila usimwambie ni mimi niliyesema."

Mkwe alilia kidogo kwenye ngazi za kituo. Bibi Jua alimpa kitambaa chenye chaki, naye akatoka na uso mweupe.

"Usifurahi bado," alisema Bibi Jua. "Mkemia anashuku, na mimi nashuku. Kushuku si kujua. Inabidi tukizungushe kioo."

Jioni hiyo walikaa wote mezani. Divai mpya ya pipa kubwa ilikuwa imetulia. Bibi Jua alipanga mezani chupa nane tupu, zote za aina moja, zote zimechemshwa.

"Divai itatoka pipa moja," alisema. "Mama atajaza chupa nne kwa mkono wake. Mkwe atajaza nne kwa mkono wake. Kila mmoja atakuwa na mbili zilizojaa kabisa na mbili za nusu. Katika zilizojaa, moja itakaa gizani na moja itakaa juani chini ya kidirisha. Za nusu vilevile. Zilizojaa hazifunguliwi. Za nusu tutazifungua kila siku ya tatu, kama pipa linalofunguliwa kwa mgeni. Baada ya wiki nane tutaonja. Mkono ukiwa ndio mbaya, chupa nne za Mkwe zitaharibika, na za Mama zitapona."

"Na kama si mkono?" Fundi aliuliza.

"Chupa zitatuambia. Lakini kuna sharti moja. Anayeonja asijue chupa ni ya nani. Nitazipa namba kwa kupiga kura, na majibu nitayafunga kwenye bahasha."

"Na nani ataonja?" aliuliza Wifi.

Wote walimtazama Mama. Mtaa mzima haukuwa na ulimi kama ule.

Mama Mapipa alicheka kwa dharau ndogo. "Chupa zangu mziweke hata jikoni, zitatoka nzuri. Mkono wangu naujua."

"Na ukikosea, Mama?" alisema Bibi Jua. Wifi alikohoa. Hakuna aliyekuwa akimwuliza Mama hivyo.

"Nikikosea nitaliandika kosa langu mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele ya mwalimu wangu. Naandika siku hizi."

Wakajaza. Mkwe alipomimina, faneli ilitetemeka. Mama aliona, akamshikia chupa. Bibi Jua naye aliona, akamwambia aachie, maana chupa ile lazima ishikwe na mkono mmoja tu. Mama aliachia.

Wiki zile nane zilipita polepole. Kila siku saa sita mchana Mkwe alishuka na chaki. Mraba wa jua ulikuwa umesogea upana wa kidole, naye aliuzungushia mstari mpya na kuandika tarehe. Ukuta na sakafu vilijaa miraba, mmoja juu ya mwingine, kama mtu aliyekuwa akitembea pale bila kuonekana na kuacha nyayo. Wakati mwingine aliketi humo akasahau chakula cha mchana. Alifikiri juu ya vile vijiti ndani ya chupa, vinavyokula na kulala, na juu ya jua lenye madoa, na paa linalosafiri. Alifikiri kwamba vyote vinaendelea bila kujali Wifi anasema nini. Wazo hilo lilimpa usingizi mzuri. Lakini mkate bado aliukanda Fundi.

Siku ya kuonja nilialikwa. Nilivaa koti. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe, vikombe vinane juu yake, vimepangwa kwa namba. Bibi Jua alimkabidhi Fundi bahasha, kisha akatoka nje na kufunga mlango.

"Anakwenda wapi?" niliuliza.

"Anasema yeye anajua majibu, na uso wake haujui kutunza siri," alisema Fundi.

Mkwe alisimama karibu na ukuta. Mikono yake alikuwa ameikunja ndani ya aproni.

Mama Mapipa alikunywa maji, akaanza. Namba moja aliitafuna kinywani muda mrefu. "Nzuri." Namba mbili aliisukuma mbali. "Inaanza ukali." Namba tatu alipoionja, uso wake wote ulilainika, akawa kama binti wa miaka ishirini.

"Hii," alisema. "Hii ni yangu. Hata nikifa mnaweza kuniuliza. Huu ndio mkono wangu."

Fundi aliandika. Namba nne na tano: "Si siki, lakini imechoka, kama imepikwa." Namba sita aliigusa tu kwa ulimi, akaitema kwenye bakuli.

"Siki tupu." Hakumtazama Mkwe. Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kicheko cha Wifi. "Hii nayo tunaijua ni ya nani. Samahani, mwanangu."

Namba saba ilikuwa na ukali kidogo. Namba nane aliitema kama namba sita.

Bibi Jua aliitwa. Fundi akafungua bahasha, akasoma. Alisoma mara ya kwanza kimya, midomo ikicheza.

"Soma kwa sauti, baba, sote tupo," alisema Mama.

"Namba moja. Imejaa, gizani. Mkono wa Mama." Alishusha kidole kwenye karatasi. "Namba tatu. Imejaa, gizani. Mkono wa Mkwe."

Mama alikivuta kikombe namba tatu karibu yake.

"Namba sita. Nusu, juani." Fundi alimtazama mama yake. "Mkono wa Mama."

Fundi alimalizia haraka haraka. Namba nane, siki nyingine, ilikuwa nusu, juani, mkono wa Mkwe. Zilizochoka zilikuwa zimejaa lakini juani, moja ya kila mmoja. Zenye ukali kidogo zilikuwa nusu, gizani, moja ya kila mmoja. Kila mahali mikono miwili ilikuwa imekwenda sawasawa.

"Ni pengo," alisema Bibi Jua taratibu, "na jua linaongeza kasi. Mkono haumo."

Nilimwona Mama Mapipa akihesabu moyoni. Mahali pazuri kuliko pote, chini ya kidirisha. Kikombe kwa kila mgeni. Pengo lisilojazwa. Yote aliyafanya yeye, kwa upendo, ili mkwe wake asiaibike kama alivyoaibika yeye.

"Mimi ndiye niliyelipeleka juani," alisema. "Ili ung'ae."

"Mama..." Mkwe alianza.

"Subiri. Fundi, lete daftari. Na kalamu. Mwalimu, sogea hapa."

Nilisogea. Mama Mapipa alishika kalamu kama nilivyomfundisha, karibu na ncha. Aliandika polepole sana. Herufi zilipanda na kushuka mstari. Wifi alitaka kumsaidia, nikamkataza kwa macho. Hatukumharakisha. Alipomaliza alinigeuzia daftari, nikasoma:

*Namba sita. Nusu. Juani. Mkono wangu. Siki.*

Aliweka kalamu chini, akamgeukia Mkwe. Macho yake yalikuwa na maji, lakini sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku.

"Na kesho mkate kanda wewe. Huyu mwanangu ametulisha matofali karibu miezi mitatu, meno yangu yenyewe ya kuhesabu."

Mkwe alitoa mikono kwenye aproni. Hakujua aifanyie nini. Mwishowe alijifunika nayo uso, akalia kwa sauti, na Wifi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkumbatia. Jina la Mama Siki sikulisikia tena katika nyumba ile.

Pipa la Wageni waliliosha kwa maji ya moto, wakalisogeza ukutani, kwenye giza. Fundi alitengeneza kibao cha kufunika kidirisha. Wageni bado wanaonjeshwa, lakini pengo la kila kikombe linajazwa palepale, kutoka chupa ndogo iliyojaa. Mara ya kwanza Mama alimwomba mgeni radhi kabla ya kujaza. Sasa hamwombi tena. Siki ya mwaka wa tatu Wifi aliiuza dukani yote, akadai ni wazo lake.

Mwaka uliofuata, siku ya kuonja, nilikwenda tena. Niliteremka ngazi kumi na mbili. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwa Mkwe, na mkono wake ulikuwa na unga wa mkate. Alinimiminia kikombe kutoka Pipa la Wageni, akajaza pengo, akapiga kizibo. Nilikunywa. Safari hii sikuhitaji kusifu kwa adabu.

Daftari lilikuwa limetundikwa ukutani kwa uzi. Mama Mapipa alinifungulia ukurasa wa siku ile ili niukague. Alikuwa ameandika:

*Pipa la Wageni. Limejaa. Gizani. Tamu.*

"Umesahau kitu, Mama," nilisema. "Hujaandika mkono wa nani."

Alinitazama kama ninavyowatazama mimi wanafunzi wanaochelewa.

"Wa nini?" alisema. "Kwani mkono una kosa gani?"